Jua la Kishapu na Kinu cha Geita: Uhakiki wa Fikra ya Megawati

Suala la umeme katika nchi inayojenga uchumi wake ni suala la siasa kabla halijawa suala la ufundi. Nani anaamua mtambo ujengwe wapi, nyaya zipite wapi, nani awashiwe kwanza na nani angoje, na bei iwe kiasi gani: yote hayo ni maamuzi ya kisiasa, ingawa mara nyingi hutujia yamevikwa joho la utaalamu. Kada anayewaachia wahandisi peke yao jambo hili amejivua sehemu ya wajibu wake. Na kada anayelizungumza kwa shangwe bila kuujua ufundi wake ni wa hatari vile vile, kwa maana atawaahidi wananchi kitu ambacho waya hauwezi kukibeba.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki fikra moja iliyoenea katika mikutano, katika magazeti na hata katika madarasa yetu ya itikadi. Tunaiita fikra ya megawati. Ni fikra inayopima maendeleo ya umeme kwa kuhesabu ukubwa wa mitambo iliyozinduliwa, kisha inafunga daftari. Tutaihakiki kwa kutazama mahali pamoja ambapo kasoro zake zinaonekana waziwazi: Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, ambako umeme wa jua unaingizwa katika Gridi ya Taifa kwa kiwango ambacho nchi yetu haikukijua kabla.

HALI HALISI

Mwezi Mei 2023 Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitia saini mkataba na kampuni ya Sinohydro ya China wa kujenga mtambo wa umeme wa jua katika Kijiji cha Ngunga, Wilaya ya Kishapu. Mpango mzima ni wa megawati 150: awamu ya kwanza megawati 50 na awamu ya pili megawati 100. Fedha zake ni mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa (AFD). Kishapu ndiyo wilaya ile ile yenye mgodi wa Mwadui, ambako almasi iligunduliwa mwaka 1940. Kwa hiyo wananchi wa wilaya hii si wageni wa utajiri unaotoka katika ardhi yao. Wamekwisha kuuona ukiondoka kwa zaidi ya miaka 80.

Magharibi ya hapo ndipo ulipo ukanda wa dhahabu. Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulianza mwaka 2009 na ukafikia mwisho wa uhai wake mwaka 2021. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, nao kwa zaidi ya miaka 20 uliendeshwa kwa mitambo yake yenyewe ya mafuta, hadi ulipounganishwa na Gridi ya Taifa katika miaka hii ya karibuni. Njia ya kilovoti 220 sasa inatoka Shinyanga hadi Bulyanhulu, kutoka Bulyanhulu hadi Geita, na kutoka Geita hadi Nyakanazi, ambako inakutana na umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Upande wa mashariki, njia kuu ya kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, urefu wa kilomita 670, inaishia katika kituo cha Ibadakuli, Shinyanga. Basi Shinyanga ni kifundo. Hapa ndipo umeme wa maji ya Nyanda za Juu na wa gesi ya Pwani unapokutana na kinywa kikubwa cha migodi, na hapa hapa ndipo jua la Kishapu linapoingizwa.

KOSA LA KWANZA: KUHESABU VYUNGU BADALA YA CHAKULA

Mwaka 2025 Wizara ya Nishati ililieleza Bunge kwamba uwezo wa mitambo yote nchini umevuka megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa karibu megawati 1,900. Mwenye fikra ya megawati akisikia hesabu hiyo husema: kazi imekwisha, tunao mara mbili ya tunachohitaji. Lakini wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tuitazame hesabu yenyewe.

Megawati ni ukubwa wa chungu. Uniti ndizo chakula kilichopikwa. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hata hivyo lilipangwa kutoa uniti karibu bilioni 5.9 kwa mwaka, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya kile ambacho mitambo hiyo ingetoa kama ingezunguka kwa nguvu zote usiku na mchana mwaka mzima. Sababu ni rahisi: mto hauna maji ya kuizungusha yote wakati wote. Mtambo wa jua nao, katika nchi kama yetu, hutoa kwa mwaka takriban sehemu moja ya tano ya uwezo ulioandikwa juu yake, kwa kuwa usiku upo na mawingu yapo. Kwa hiyo megawati 50 za Kishapu, megawati 50 za Kidatu na megawati 50 za gesi ya Kinyerezi ni vitu vitatu tofauti. Kuzijumlisha kama mtu anayejumlisha magunia ya mahindi ni kujidanganya.

Tumeyaona matokeo ya kujidanganya huko kwa macho yetu. Kuanzia Septemba 2023 nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Kina cha maji kilikuwa kimeshuka mwishoni mwa kiangazi, na baadhi ya mitambo ya gesi ilikuwa katika matengenezo. Miezi michache baadaye mvua zilinyesha kwa wingi, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawashwa Februari 2024, na mwezi Machi 2024 TANESCO ikaeleza kwamba imezima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Tena Aprili 1, 2024 hitilafu katika Gridi ikaizima nchi. Njaa, shibe na kuzimia, yote ndani ya miezi saba! Uwezo wa mitambo peke yake hauwezi kuyaeleza mambo haya. Kinachoyaeleza ni uhusiano kati ya mitambo, nyaya, majira na watumiaji. Huo uhusiano ndio gridi yenyewe, na ndio unaostahili kuwa shabaha ya mipango.

KOSA LA PILI: KULITENGANISHA JUA NA MAJI

Kutokana na fikra ya megawati huzaliwa makundi mawili yanayobishana bila kufika popote. Kundi la kwanza husema: bwawa limekamilika, jua la nini tena? Kundi la pili husema: dunia nzima inakwenda kwenye jua na upepo, mabwawa na gesi ni mambo ya kale. Yote mawili yanakosea kwa namna moja, kwa sababu yanavitazama vyanzo vya nishati kama wapinzani.

Tuanze na kundi la pili. Mahitaji ya umeme nchini hufikia kilele jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, wakati taa zinawashwa na watu wamerudi nyumbani. Jua limekwisha kuzama. Mtambo wa Kishapu kama haukuwekewa betri hautamwashia taa mtu yeyote saa mbili usiku. Isitoshe, gridi yetu huendeshwa kwa mapigo 50 kwa sekunde, na mapigo hayo yakiyumba mno mitambo hujizima ili isiharibike. Vyuma vizito vinavyozunguka katika mabwawa na vituo vya gesi huyashikilia mapigo hayo kwa uzito wao. Paneli za jua hazina uzito huo, na wingu likipita mazao yake hushuka kwa dakika chache. Megawati 50 katika gridi ya megawati 1,900 hazitaleta shida kubwa. Megawati 500 zikiwekwa bila mpango zitaileta.

Sasa kundi la kwanza. Wanaosema bwawa limetosha wameyasahau mafunzo ya 2006, 2011 na 2023. Kila mara nchi ilipoegemea maji, ukame ulitupeleka gizani, na gizani humo walanguzi walitungojea na mikataba ya dharura. Mkataba wa Richmond wa mwaka 2006 ulizaliwa katika ukame, na Februari 2008 Waziri Mkuu alijiuzulu kutokana nao. Asiyejiwekea akiba wakati wa mvua huilipia kwa bei ya mnyonyaji wakati wa kiangazi.

Ukweli uko katika kuviunganisha. Tazama kalenda ya Shinyanga. Mvua zake huanza Novemba na kwisha karibu na Mei. Bonde la Rufiji nalo hupata mvua zake katika majira hayo hayo. Kuanzia Juni hadi Oktoba mbingu za Kishapu ni kavu na jua ni kali, na ndiyo miezi ambayo maji hupungua mabwawani. Kwa siku moja ni vivyo hivyo: mchana jua likifanya kazi, mafuta na gesi huokolewa, na milango ya Mtera na Rufiji inaweza kupunguzwa ili maji yangoje jioni. Kila uniti ya jua inayotumika mchana huko Kahama ni maji yaliyobaki nyuma ya ukuta wa bwawa. Bwawa hugeuka kuwa ghala la jua. Nchi nyingi zisizo na mabwawa hulazimika kununua ghala hilo kwa fedha za kigeni katika umbo la betri. Sisi tunalo, tulilijenga kwa fedha zetu, ila tusipoliendesha kwa shabaha hiyo ni kama hatunalo.

Lakini muungano huu una sharti moja, nalo ni nyaya. Mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere ilikamilika mwaka 2025 wakati ujenzi wa njia ya kilovoti 400 kutoka Chalinze hadi Dodoma ulikuwa bado unaendelea. Chungu kimeiva, mkondo wa kukipeleka chakula kaskazini-magharibi ni mwembamba. Umeme unaosafiri kutoka Pwani hadi Geita hupotea njiani na nguvu zake hulegea. Hii ndiyo faida ya Kishapu ambayo hesabu ya megawati haiioni: mtambo mdogo uliojengwa karibu na mlaji, mwishoni mwa waya mrefu, hufanya kazi ambayo mtambo mkubwa zaidi ulioko mbali hauwezi kuifanya. Na Kenya imetufundisha upande wa pili wa jambo hili. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa ilikamilika mwaka 2018. Kwa muda wote huo upepo ulivuma bure, na mkataba uliwataka wananchi wa Kenya waulipie umeme usiowafikia.

KOSA LA TATU: KUSAHAU KUULIZA UMEME NI WA NANI

Hapa tunafika kwenye kiini. Tukiambiwa umeme wa jua umeingia katika gridi huko Shinyanga, hatuna budi kuuliza: umeingia kwa faida ya nani?

Njia ya kutoka Shinyanga hadi Bulyanhulu ilijengwa kwa ajili ya mgodi, katika eneo ambalo wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa mwaka 1996. Waya wa kilovoti 220 ukipita juu ya kijiji haumwashii mtu taa. Unahitaji kituo cha kupoza, transfoma, nguzo na nyaya ndogo. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, miaka kadhaa baada ya kinu cha mgodi kuanza kusaga mawe. Katika muda huo mkulima wa pamba aliuona umeme kama anavyoiona ndege: inapita.

Tusiwe wepesi wa kulaani, hata hivyo. Mgodi mkubwa unapoacha mafuta na kuingia katika gridi, taifa linapata faida za kweli. Fedha za kigeni za kununulia mafuta hupungua, TANESCO hupata mteja anayelipa, na njia inayojengwa hadi Geita hufika Geita mjini pia. Kinu cha mgodi hakilali, kinasaga saa 24, na kwa hiyo mchana ni mlaji mzuri wa jua. Anayesema mgodi unyimwe umeme ili kijiji kiwake hajafikiri. Kosa linakuja pale mgodi unapokuwa ndio kipimo cha mpango, na kijiji kinakuwa makombo.

Tuchukue bei. Katika bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mkubwa wa msongo wa juu hulipa shilingi 152 kwa uniti, pamoja na tozo ya mahitaji yake. Mwananchi mnyonge anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100. Huo ni ushindi wa siasa ya haki na unafaa kulindwa. Lakini yule anayevuka uniti 75 huingia katika bei ya shilingi 292. Ni nani anayevuka? Ni fundi wa kuchomelea wa Katoro, mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga Kahama, kijana aliyenunua friji ya kuuzia samaki. Ni kweli kwamba kumpelekea mteja umeme kwa msongo wa juu ni rahisi kuliko kuusambaza nyumba kwa nyumba, na sehemu ya tofauti hiyo ina sababu za kiufundi. Lakini bei inayomhurumia mtu akikaa kimya na taa moja, kisha inampiga anapothubutu kuzalisha, ni bei inayomtaka mnyonge abaki mnyonge.

Tuchukue aina ya umeme unaofika. Serikali imefikisha umeme katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na kwa gharama ya shilingi 27,000 mwananchi wa kijijini huunganishwa. Hakuna mwenye haki ya kulidharau jambo hilo. Lakini vitongoji ni 64,359, na hadi mwaka 2025 takriban nusu tu ndivyo vilivyokuwa vimefikiwa. Tena mahali pengi waya uliofika ni wa njia moja, unaotosha taa, redio na simu. Karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Nyarugusu au Rwamgasa linataka njia tatu. Mchimbaji mdogo asiye nazo huendelea kuchoma dizeli chini ya nguzo ya umeme! Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mchimbaji sasa anauza dhahabu yake kwa uwazi kuliko zamani. Ila gharama ya kuisaga bado inamla kabla hajafika sokoni. Kijiji chenye taa bila mashine kimepewa mwanga wa kuutazama umaskini wake vizuri zaidi.

Tazama sasa namna ambavyo mpango wenye shabaha ungelisoma jua la Kishapu. Viwanda vya kuchambua pamba vya Shinyanga na Simiyu hufanya kazi katika msimu wa kiangazi, ndiyo miezi ya jua kali. Maji ya Ziwa Viktoria yanayokunywewa Kahama na Shinyanga husukumwa kwa pampu kutoka Ihelele hadi kwenye tangi la kilima cha Mabale, kisha hushuka kwa uzito wake. Tangi lile ni betri ambayo tumekwisha kuijenga: pampu zikipangwa kusukuma zaidi mchana, jua linahifadhiwa kilimani katika umbo la maji ya kunywa. Makarasha ya wachimbaji wadogo nayo yanaweza kusaga mchana. Pamba, maji na dhahabu ya mnyonge vyote vinaweza kulifuata jua, tofauti na taa ya jioni. Bei ya mchana iliyo nafuu kwa wazalishaji hawa ingeufanya umeme wa Kishapu uwe chombo cha ukombozi. Mpango wa GOELRO wa Urusi wa mwaka 1920, uliotaka vituo 30 vya umeme, ulianza kwa kuuliza kila eneo litazalisha nini, ndipo ukapanga mitambo. Sisi mara nyingi tunapanga mitambo, kisha tunawatafuta watumiaji.

GRIDI MOJA, DIRA MOJA

Wako wanaotuambia kwamba mambo haya yote yatajipanga yenyewe, mradi jua na upepo viachiwe wawekezaji binafsi. Historia haiungi mkono hoja hiyo. TANESCO lilikuwa mali ya umma kwa ukamilifu tangu mwaka 1975, na Kidatu, Mtera na mabwawa yaliyofuata yalijengwa kwa mpango wa taifa. Mwaka 2002 uongozi wake ulikabidhiwa kampuni ya NetGroup Solutions ya Afrika Kusini. Ilikaa hadi 2006. Kukusanya madeni ilijua. Nchi ilipofikwa na ukame wa mwaka huo, haikuwa na mitambo mipya ya kutosha kuikinga.

Gridi ni mwili mmoja. Agosti 25, 2023 Kenya ilizimika karibu yote. Kampuni ya umeme ikasema chanzo ni mitambo ya upepo ya Turkana, na wenye mitambo wakasema walitupwa nje na gridi yenyewe. Hatuna haja ya kuwa mahakimu wa ugomvi huo. Somo lake ni kwamba vyanzo vinavyobadilika na hali ya hewa vinapoongezeka, mwili unahitaji kichwa kimoja chenye mamlaka ya kumwamuru kila mwenye mtambo, na umma unaoweza kukihoji kichwa hicho. Mtu binafsi anaweza kujenga, anaweza hata kuzalisha. Kuongoza ni kazi ya umma. Na shirika la umma lisilohojiwa nalo huoza, kwa hiyo kumiliki hakutoshi bila usimamizi wa wananchi.

Tuliseme pia suala la kujitegemea. Rufiji tulijenga kwa bajeti yetu, Kishapu tunajenga kwa mkopo. Mkopo si dhambi ukizalisha cha kuulipia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikukataza fedha ya nje, lilitukataza kuifanya msingi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni utegemezi wa maarifa. Zaidi ya asilimia 80 ya viwanda vya paneli duniani viko katika nchi moja, China. Betri zinahitaji nikeli na madini ya kinywe, na tunayo yote mawili: nikeli ya Kabanga huko Ngara, na kinywe cha Mahenge na Lindi. Eneo la mgodi uliofungwa wa Buzwagi limetengwa kwa viwanda, pamoja na mpango wa kusafisha nikeli ya Kabanga. Tukiuza mchanga na kununua betri, tutakuwa tumeirudia Mwadui kwa jina jipya. Na kama kijana wa Kishapu atabaki mlinzi wa ua wa paneli, asiwe fundi na mhandisi wa gridi, basi jua lenyewe litakuwa limebinafsishwa, hata kama hati inasema ni mali ya umma.

KAZI YA KADA

Shinyanga ina historia inayotupa moyo. Miti yake ilifyekwa kwa vita dhidi ya mbung'o, kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hadi nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ambao haukuleta miti kutoka mbali. Ulirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho na kuyaacha yapumzike, na maelfu ya hekta yakafunikwa tena. Ufundi ulikutana na utaratibu wa watu, ukafaulu. Leo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Ngitili zile hazitapona kama umeme wa bei nafuu hautafika jikoni.

Kwa hiyo basi, kada aliyeko Kishapu, Kahama, Msalala au Geita asitosheke kupiga makofi siku ya uzinduzi. Aulize katika vikao halali: awamu ya pili ya megawati 100 itakuwa na betri au haina, na kama haina, maji gani yatawekwa akiba kwa ajili yake? Njia tatu zitafika lini kwenye makarasha ya kata yake? Ni vitongoji vingapi vilivyo chini ya njia kubwa havina transfoma? Nani amepanga saa za pampu za Ihelele? Vijana wangapi wa wilaya wanajifunza ufundi wa mtambo, na wataufanya katika ngazi gani? Waliotoa ardhi wamelipwa lini na kiasi gani? Apewe majibu kwa hesabu, ayapeleke kwa wananchi kwa lugha yao, na arudi na hoja zao.

Mwanafunzi naye asiishie kukariri kwamba nishati jadidifu ni safi. Jua ni safi, lakini uhusiano wa kiuchumi unaolizunguka unaweza kuwa mchafu kama ule wa makaa ya mawe. Kuusafisha uhusiano huo ndiyo kazi yetu, na kazi hiyo haitazinduliwa na mtu kwa kukata utepe.